Khiyana Hailipwi kwa Khiyana

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewaruhusu waja wake kuuza na kununua, akawawekea mizani ili wapate kutendeana haki, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla ya kupewa utume alikuwa mfanya biashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, maneno yaliyoandikwa juu ya mwenye duka anayepunja ni mengi, na ni ya haki. Walakin dukani hamna mtu mmoja. Yumo mwenye mali, yumo mtumishi anayeuza kwa niaba yake, na yuko mnunuzi aliyesimama nje ya meza. Kila mmoja katika hao aweza kukhini, na kila mmoja akiulizwa kwa nini amekhini ana jawabu tayari: "Mimi nimetendewa vivi hivi kabla sijatenda." Basi mas'ala tunayotaka kuyatazama ni haya: je, mtu aliyedhulumiwa katika biashara amepata ruhusa ya kudhulumu?

HALI YA MAMBO

Maneno yasiyokuwa na mahali huwa mepesi, basi na tushike mahali. Tutazame Mandawa, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Huko, kama ilivyo Nachingwea na Liwale, maisha ya watu yafuata mazao mawili makubwa: ufuta, ambao huvunwa katikati ya mwaka, na korosho, ambazo msimu wake hushika nguvu tangu mwezi wa Oktoba. Fedha huingia kwa miezi michache, na tumbo hudai kila siku. Miezi ya mvua, mavuno ya nyuma yakiwa yamekwisha na mapya hayajaja, mtu hula kwa daftari la dukani. Mwenye duka huandika: unga kilo mbili, sukari nusu kilo, sabuni mche mmoja, na mwisho wa mstari huandika jina. Daftari hilo ndilo benki ya mtu mnyonge. Halina riba wala halidai rehani; rehani yake ni ahadi ya mtu tu.

Tena yako mazao yenyewe. Tangu mwaka 2007 korosho za kusini zimeanza kuuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka magunia yake katika chama cha msingi, yakapimwa, akapewa karatasi ya uzani, na mali ikawekwa ghalani mpaka siku ya mnada. Vyama vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale vimeungana katika chama kikuu kiitwacho RUNALI. Na pembeni ya utaratibu huo kuna biashara nyingine inayoitwa kangomba: mtu huja kwa mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, akamnunulia korosho zingali mtini, kwa bakuli au kopo lisilo na kipimo cha sheria, kwa bei ndogo. Serikali imeikataza biashara hiyo mara kwa mara, nayo haijafa.

Katika mambo haya yote, khiyana ina milango mingi. Mnunuzi aliyekula kwa daftari miezi mitatu, siku ya mavuno hupeleka magunia yake kwa jina la shemeji yake, ili mwenye duka akija kudai amwambie ya kuwa hakuvuna kitu. Mwingine huagiza mchele na mafuta, akaonyesha katika simu yake ujumbe wa kutuma fedha ambao ni wa kughushi, akaondoka na mzigo. Mwingine hutuma fedha kweli kweli, na akifika nyumbani hupiga simu kwa kampuni kudai ya kwamba amekosea namba, ili arudishiwe. Kijana hula chipsi na mayai usiku penye watu wengi, akatoka pamoja na kundi kana kwamba amekwisha lipa. Na mkulima hutia kokoto au mchanga chini ya gunia, au hunyunyiza maji, ili uzani uongezeke.

Kwa upande wa mtumishi, huyu huuza kilo kumi na kuandika nane. Huyu huleta mali yake mwenyewe kwa siri, akaiweka juu ya rafu ya tajiri wake, akaiuza kwa mlango wa tajiri na faida akaitia mfukoni. Huyu huwauzia rafiki zake kwa bei ya chini, na hasara akaisingizia panya. Na karani wa mizani husoma sitini na nane ambapo mizani imesema sabini. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa desturi hiyo hiyo haba na haba hukimaliza.

HOJA ZAO

Tusiwahukumu kabla ya kuwasikiliza, kwani mwenye kosa naye ana akili, na hoja yake isipojibiwa hubaki moyoni mwake ikamtia ujasiri.

Mnunuzi asema: "Mwenye duka amenipandishia bei kwa kuwa ajua sina pengine pa kukopa. Mizani yake ni nzito. Nikimnyima elfu kumi, nimerudisha zangu tu."

Mtumishi asema: "Nafungua duka alfajiri, nafunga usiku. Mshahara ni mdogo, na mwezi huu sijaupata. Kitu kikipotea nakatwa mimi, hata kama sikukichukua. Ninachochukua ni haki yangu iliyochelewa."

Mkulima asema: "Mwaka jana nilipunjwa kilo mbili katika kila gunia. Mwaka huu nimetia kokoto kilo mbili. Tumekuwa sawasawa."

Na mwenye duka naye asema: "Wanunuzi wamenikana, watumishi wameniibia. Nisipopunguza katika mizani nitafunga duka."

Tazama, ndugu yangu, jinsi kila mmoja anavyomnyoshea mwenziwe kidole. Ukiwauliza nani aliyeanza, hapana hata mmoja aliyeanza.

Na wajuao kidogo katika elimu huongeza dalili. Husema ya kwamba Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara ameruhusu aliyeshambuliwa kujibu kwa mfano wa alivyoshambuliwa, na katika Sura ya An-Nahl ameruhusu kulipiza kwa kadiri ya maudhi. Hayo ni kweli, wala haifai kuyakana. Walakin maneno hayo yana mipaka miwili ambayo wenye hoja hii huipita bila ya kuitazama: kwanza, malipo yawe juu ya yule yule aliyedhulumu, pili, yawe kwa kiasi kile kile, pasi na kuzidi. Na katika aya ile ya An-Nahl, baada ya ruhusa, imebainishwa ya kwamba kusubiri ni bora zaidi.

MAS'ALA YA MTU KUJITWALIA HAKI YAKE

Hapa yatupasa tusimame, maana maulamaa wamelizungumza jambo hili kwa jina la mas'ala ya dhafar, yaani mtu kuipata mali ya aliyemdhulumu na kujitwalia haki yake bila ya kadhi.

Asili yake ni khabari ya Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimshitakia Mtume (s.a.w.) ya kuwa mumewe ni bahili, hampi yeye na watoto wake cha kuwatosha, naye huchukua katika mali yake bila ya yeye kujua. Mtume akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kwa hadithi hii, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wamesema kwamba mwenye haki iliyothibiti, akikanwa na asiwe na njia ya kuipata, aweza kuichukua akiidiriki. Wengine, na wengi katika madhehebu ya Imam Ahmad wakiwa miongoni mwao, wamebana zaidi. Nao wamesimama juu ya hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kwamba mtu aliyeaminiwa airudishe amana kwa aliyemwamini, wala asimtendee khiyana hata yule aliyemtendea yeye khiyana.

Basi je, mtumishi wetu ameingia katika ruhusa ya Hind? Tuitazame ruhusa hiyo kwa masharti yake, maana ruhusa iliyovuliwa masharti yake haibaki ruhusa tena.

Sharti la kwanza ni kwamba haki iwe imethibiti. Chakula cha mke na watoto ni wajibu wa mume kwa sheria, wala hakingoji mapatano. Mshahara wa mtumishi ni ule waliopatana. Ukiwa mdogo, na yeye aliukubali, ana haki ya kuomba uongezwe, au kuondoka; lakini ile nyongeza aliyoitamani si deni juu ya tajiri wake. Mshahara uliofika wakati wake na usilipwe, huo ndio deni. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakaiita tamaa yao kwa jina la haki.

Sharti la pili ni kwamba asiwe na njia nyingine. Je, amemwambia tajiri wake? Amewaita wazee wawili, au imamu wa msikiti, au amekwenda kwa afisa wa kazi? Mara nyingi hakufanya hata moja, kwani kudai kunaona haya na kuchukua kwa siri hakuonekani.

Sharti la tatu ni kwamba asizidi. Hind aliwekewa kipimo: cha kutosha, kwa wema. Mtu anayechukua gizani hana wa kumpimia. Leo elfu mbili, kesho elfu tano, na kila siku huiambia nafsi yake ya kwamba bado hajafikia haki yake. Mtu akiwa ni mshitaki, na shahidi, na kadhi, na mwenye kukusanya malipo, hukumu yake haiwezi kuwa ya uadilifu.

Na zaidi ya hayo, Hind alikuja akauliza. Alilitoa jambo lake mbele ya mwenye kuhukumu kabla ya kujipa ruhusa. Anayekhini dukani haulizi, kwa kuwa alijua jawabu kabla ya kutia mkono.

Tena liko jambo ambalo mtumishi hulidharau, nalo ni zawadi. Muuzaji wa jumla humpa kijana wa duka kitu kidogo ili aiweke mbele mali yake, au afumbe macho katoni zikipungua. Kijana husema: hii nimepewa, sikuiba. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd kukusanya zaka, aliporudi akaigawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Swali hilo lamtosha kila mtumishi: lau usingekuwa umesimama nyuma ya meza ya tajiri wako, je, ungepewa?

KHIYANA HUMWANGUKIA NANI

Sasa tuje katika kiini cha jambo. Wote hawa wamesema ya kwamba wanarudisha. Na tuwafuate, tuone wanamrudishia nani.

Mkulima aliyepunjwa kilo mbili alipunjwa na karani. Kokoto alizotia katika gunia hazikumpata karani. Gunia liliingia ghalani pamoja na magunia ya jirani zake. Mnunuzi akitoboa na kukuta kokoto na unyevu, hashushi thamani ya gunia moja, bali huutilia shaka mzigo wote. Mjane aliyeanika korosho zake vizuri na kuzichagua moja moja ndiye aliyelipia kokoto za jirani yake. Karani yuko salama.

Mnunuzi aliyekana deni alitaka kumkomoa mwenye duka. Mwenye duka amefanyaje? Amelifunga daftari. Mwaka ulio mbele, mvua ziliposhika, akaja mtu mwingine, mwaminifu, ambaye hajakana deni maisha yake, akaomba kilo mbili za unga, akaambiwa: "Hatukopeshi tena." Akarudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wamekaa. Jioni akaja mtu wa kangomba, akazinunua korosho zake kabla ya msimu. Basi yule aliyekana deni amemtia jirani yake mikononi mwa kangomba, wala hajui, na huenda akamwona sokoni akamsalimu.

Mtumishi aliyeiba kwa kuwa tajiri wake ni mchoyo, ametenda nini? Tajiri akauza duka, au akamleta mtoto wa ndugu yake kutoka mbali, akaapa ya kwamba hataajiri tena kijana wa mji huo. Kijana wa pili, maskini mwenye amana, ameikosa kazi kwa dhambi ya mtu asiyemjua.

Na mfano mkubwa wa jambo hili ulionekana mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa kuwa kangomba walikuwa wamejichanganya na wakulima, ikalazimu wakulima wahakikiwe kabla ya kulipwa, na katika kuhakikiwa huko hata mtu wa haki, mwenye shamba lake na jasho lake, alingoja pamoja na wenye hila. Mwenye kusema uwongo humfanya msema kweli adaiwe ushahidi.

Imam Ghazali, katika kitabu cha Ihya, kwenye mlango wa adabu za kuchuma, amelieleza jambo hili kwa mfano wa dirhamu ya bandia. Amesimulia ya kwamba baadhi ya wema waliona kutoa dirhamu moja mbaya ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, kwa sababu wizi ni maasi mamoja yaliyokwisha, ama dirhamu mbaya yapita mkono hata mkono, na dhambi yake yaendelea hata baada ya kufa yule aliyeitoa. Hivyo ndivyo ilivyo khiyana ya dukani. Mtu hudhani ameitupa kwa adui yake, kumbe ameitia sokoni, na sokoni haijulikani itamfikia nani. Huenda ikamfikia mwanawe.

Kwa ajili hii twasema: ruhusa ya kulipiza, kwa masharti yake, ni juu ya mwenye kudhulumu peke yake; na khiyana ya biashara, kwa tabia yake, haitulii juu ya mtu mmoja. Basi haiwezi kuwa malipo. Ni dhulma mpya inayoanza upya kwa mtu asiyekuwa na kosa.

JUU YA MWENYE MALI

Mwenye duka asisome haya akafurahi, akadhani ameachiliwa. Sura nzima ya Al-Mutaffifin imefunguliwa kwa kuwahofisha wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Nabii Shuaib alitumwa kwa watu wa Madyan, na pamoja na kuwaita katika ibada ya Mungu mmoja aliwaonya juu ya mizani. Wazee wetu wa pwani walipima kwa pishi na kibaba, na pishi ni vibaba vinne. Mtu akiminya kitako cha kibaba alijulikana. Leo mizani ni za saa na za umeme, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huzikagua. Lakini mkaguzi huja kwa siku zake, na Mwenyezi Mungu yupo kila siku.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikapata unyevu. Alipouliza, mwenye mali alisema kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Zingatia, ndugu yangu: mtu yule hakumwaga maji kwa mkono wake. Maji yalitoka mbinguni. Kosa lake lilikuwa kuficha. Basi yuko wapi yule aliyechota maji kwa ndoo?

Na juu ya watumishi, liko jambo katika Muwatta ya Imam Malik ambalo kila tajiri yampasa alijue. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Sayyidna Umar alipoona ya kwamba bwana wao huwaacha na njaa, alimgeukia bwana mwenyewe, akamtoza mara mbili ya thamani: ngamia alikuwa wa dirhamu mia nne, akaamrishwa alipe mia nane. Umar hakusema wizi ni halali. Alisema kwa hukumu yake ya kwamba aliyemsukuma mtu katika wizi kwa kumnyima ana fungu lake. Tajiri anayemnyima kijana mshahara miezi miwili, kisha akamwachia sanduku la fedha, na amwogope Mungu katika nafsi yake kabla ya kumwita mwenziwe mwizi. Tumeamrishwa tumpe mwenye kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

YATUPASAYO KUTENDA

Maneno matupu hayajengi soko. Basi haya ndiyo twayausia.

Kwanza, deni liandikwe. Aya ya deni katika Al-Baqara ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni juu ya kuandika na kushuhudisha. Watu wetu huona haya, husema: "Kwani huniamini?" Kuandika si kumtuhumu mtu, ni kuwalinda wawili na usahaulifu, na kuwalinda warithi wao siku mmoja akifa. Kila upande na uwe na karatasi yake.

Pili, deni lilipwe likifika. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na dawa ya deni ni kulipa. Imepokewa kwa Bukhari ya kwamba mwenye kuchukua mali za watu kwa nia ya kuzilipa, Mwenyezi Mungu humsaidia kulipa, na mwenye kuchukua kwa nia ya kuziangamiza, Mwenyezi Mungu humwangamiza. Aliyeshindwa kwa dhiki na aje aseme, asijifiche. Na mwenye duka ampe muda, kwani hivyo ndivyo alivyoamrishwa katika sura hiyo hiyo.

Tatu, mnunuzi anayelipa kwa simu asubiri mwenye duka aone fedha zimeingia, asiseme ameona ujumbe tu. Hili ni jambo dogo, na huzuia ugomvi mkubwa. Na fedha iliyokwisha lipiwa mali ni ya mwenye duka. Kuirudisha kwa hila ni wizi, hata kama haikuguswa kwa mkono.

Nne, mwenye shida ya fedha kabla ya mavuno, na mwenye fedha anayetaka kununua, wasiende kwa njia ya kangomba. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajadhihiri kukomaa kwake. Lakini sheria haikumwacha mkulima bila ya mlango: ipo biashara ya salam, ambayo mtu hulipa fedha yote sasa, akaahidiwa mali ya sifa inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana au uzani unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Tofauti ya haya mawili ni kubwa. Katika salam kila kitu chajulikana na kila mmoja ajua faida yake. Katika kangomba bakuli halijulikani na njaa ndiyo inayopanga bei. Na mwenye kufanya salam ashike pia taratibu za mauzo za nchi, asije akamtia mkulima matatani.

Tano, mtumishi na ajipime kwa swali moja: lau tajiri wangu angekuwa amesimama mlangoni ananitazama, je, ningelitenda hili? Likimtosha jibu, na atende. Na mshahara wake ukichelewa, adai kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. Kudai haki kwa dhahiri ni ushujaa, na kuichukua kwa siri huiharibu hata ikiwa ni haki.

Sita, aliyekwisha kula na atubu. Ajue ya kwamba toba katika haki za waja haitimii kwa kulia na kuomba msamaha msikitini tu; ni lazima arudishe alichochukua, au amwendee mwenyewe amwombe amsamehe. Kama mwenyewe amekufa, awape warithi. Kama hawajulikani, kama zile kilo zilizopunjwa kwa watu wapitao, atoe sadaka kwa kiasi hicho kwa niaba yao. Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanya biashara wa nguo, mshirika wake alipouza nguo yenye kasoro bila ya kumwonyesha mnunuzi, na mnunuzi asijulikane, aliitoa sadaka thamani yote. Na Yunus bin Ubayd, mpwa wake alipouza kwa dirhamu mia nne nguo ya mia mbili, na mnunuzi aliridhika nayo, alimrudishia bedui yule mia mbili zake. Hawa walikuwa na mnunuzi aliyeridhika, au aliyekwisha potea machoni mwao, na bado hawakuweza kulala na fedha yake.

KHATIMA

Ndugu zangu, Muslim amepokea hadithi ya mtu muflisi wa siku ya Kiyama, anayekuja na sala na saumu na zaka, naye amemtukana huyu na kula mali ya yule. Mema yake yakagawiwa hao mpaka yakaisha, kisha akabebeshwa maovu yao. Siku hiyo hatutaulizwa nani aliyeanza. Kila mtu ataulizwa kilichopita katika mkono wake. Aliyepunjwa akasubiri ataipata haki yake imehifadhiwa. Aliyepunjwa naye akapunja atakuta ameibadilisha haki yake kwa deni.

Lazima mmoja aanze kuacha. Ikiwa kila mtu angoja mwenziwe awe mwaminifu kwanza, soko litakufa nasi tungali twangojana. Basi na aanze huyu aliyeyasoma haya, awe mwenye duka, au mtumishi, au mnunuzi, kwa siku ya leo, kwa kilo moja iliyo mbele yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu, azibariki mizani zetu na madaftari yetu, na awape watu wa Mandawa, na Ruangwa, na Nachingwea, na pwani yote, riziki yenye baraka na nyoyo zenye amana. Amin. Wabillahi ttawfiq.